Kikatio Namba Ishirini na Nane

Bom Sossego, mto Iaco
Machi 8, 1981

Mwanangu Zulmira,

Mungu akubariki. Anayeandika ni Osmarina, mke wa mdogo wako Aldenor, kwa kuwa hapa kwetu anayejua kalamu ni yeye peke yake. Maneno ni yangu mimi baba yako. Nimemwambia aandike kila ninachosema asipunguze, maana namjua, anapenda kunyoosha.

Kifurushi chako kimefika salama. Nimekigeuzageuza hicho kikatio mchana kutwa. Chuma kitupu, kinang'aa, kikali kama wembe, na namba imechongwa ubavuni: 28, sawasawa na bunduki yetu. Miaka yote hii nimekata vizibo vya risasi kwa kile nilichotengeneza mwenyewe, unakikumbuka, mdomo wa ganda bovu nilioukata nikaunoa kwa ndani kwa tupa. Kilikuwa kimechakaa. Nimempa jirani Belmiro, akashukuru kama amepewa ng'ombe.

Sasa nikueleze kazi ilivyokuwa rahisi. Nilikaa kibarazani na maganda yangu kumi na mawili ya shaba. Nikang'oa fataki zilizokufa kwa msumari, nikatia mpya, nikapima baruti kwa kile kipimo cha mwanzi. Halafu kizibo. Zamani kizibo kilikuwa vita. Unavijua vidole vyangu, miaka arobaini ya kuchanja miti ya mpira imevikunja kama kucha za kuku. Nilikuwa nakishindilia kizibo kwa kijiti mpaka jasho linanitoka mgongoni. Hivi vya kwako vinaingia vyenyewe, laini kama siagi. Nagusa tu. Kisha punje za marisau, kizibo cha juu, nta ya nyuki ya kufunga mdomo. Kumi na mawili yote kabla kahawa haijapoa! Mwambie aliyekuuzia kwamba Mungu atamlipa.

Aldenor anakusalimu. Anasema ukituma tena kitu utume betri. Redio imenyamaza tangu Krismasi, tumebaki sisi na vyura.

Baba yako,
Eleutério (dole gumba)

Wifi, haya ni yangu. Nina mimba ya miezi mitatu. Aldenor anatembea kama jogoo. Nimepunguza sentensi moja tu ya baba, ile ya kumtukana mwanaume uliyeachana naye. — Osmarina


Rio Branco
Aprili 2, 1981

Baba, naomba baraka.

Na wewe Osmarina, unayesoma hii kwa sauti, lile tusi ungeliacha. Nalijua kwa moyo, na safari hii nakubaliana nalo.

Mtoto! Nimeisoma barua nikiwa nimesimama mlangoni mwa shule, wanafunzi wakadhani mwalimu amepagawa. Baba, utakuwa babu kwa mara ya kwanza, nami shangazi mwenye mvi. Mlisheni huyo mama vizuri. Aldenor, acha ujogoo, beba maji.

Nimecheka kwa furaha kusoma habari za vizibo laini kama siagi. Nilikuwa nikiviona vidole vyako kila nikifumba macho. Unajua jinsi nilivyokipata? Muuzaji mmoja, kijana wa kupaka mafuta nywele, akaniambia, "Mama, hiki si chombo cha wanawake." Nikamwambia nilianza kushindilia baruti kibarazani kwa baba yangu kabla yeye hajaota meno. Nipe ishirini na nane. Akaanza kuniuliza ni kwa maganda ya namna gani. Nikamwambia, ya namba ishirini na nane, huna masikio? Akafunga mdomo na kufunga kifurushi. Nimeshawapiga wenye ranchi wanaotufyekea msitu kwa kalamu kwenye gazeti la chama cha wagema mpira mpaka wakanitumia vitisho, nishindwe na kijana wa dukani?

Betri zinakuja na boti ya kwanza itakayopata maji ya kutosha.

Zulmira


Bom Sossego
Juni 5, 1981

Mwanangu Zulmira,

Mungu akubariki. Betri hazijafika. Nakuandikia jambo zito.

Bunduki imeingia panema. Unaijua nuksi hiyo, ulizaliwa nayo jirani: mwindaji mzima, bunduki nzima, msitu umejaa, lakini anarudi na kikapu kitupu. Imeanza tangu Pasaka. Aldenor alimpiga paa hatua ishirini, paa akatingisha masikio kama aliyeumwa na nzi, akaondoka polepole. Akapiga kundi la nguruwe wa porini, hakuna hata aliyechechemea. Nyani wamemzoea. Juzi Belmiro kapita hapa na paa begani, akasema, "Mzee Eleutério, siku hizi mnafuga?" Nilitamani ardhi inimeze.

Bunduki tumeifukiza moshi wa pilipili. Aldenor ameoga majani ya dawa siku saba. Maganda najaza mwenyewe kama siku zote, kipimo ni kilekile, baruti ni ileile, kikatio chako ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye risasi.

Wazee wetu walijua. Mwanamke mwenye mimba akila nyama ya mwindaji wake, bunduki inalegea. Sisemi kwa ubaya. Anayeandika maneno haya ni yeye mwenyewe, na amekaa hapa mbele yangu, anajua sina ubaya naye. Nimesema tu asile tena kitu kilichouawa na Aldenor mpaka mtoto azaliwe.

Eleutério (dole gumba)

Wifi, nimeandika yote. Mkono ulitaka kuruka mstari nikauzuia. Nakula unga wa muhogo na ndizi, hata samaki anayevua Aldenor nimekatazwa. Mwanzoni, akibahatisha ndege wa karibu, Aldenor alikuwa akinifichia kipande ndani ya kofia. Ameacha, anaogopa. — O.


Rio Branco
Juni 28, 1981

Baba,

Baraka nitaomba mwisho wa barua, kama bado nitakuwa naitaka.

Osmarina, soma yote, neno kwa neno, usinyooshe. Akikukatiza, subiri anyamaze, uanzie pale ulipoishia.

Baba, bunduki ni chuma na mti. Haina pua ya kunusa matumbo ya wanawake. Kama mimba ingekuwa na nguvu ya kulegeza bunduki, tungewapanga wajawazito wa mto mzima mbele ya mamluki wa wenye ranchi, na mwaka huu tusingemzika mtu. Mbona bunduki zao hazilegei? Au panema inawajua maskini tu?

Mama yangu, Idalina, alikubebea mimba tisa. Miaka hiyo yote ulikula nini, majani? Alikula nyama ya bunduki yako katika mimba zote tisa, mimi nilikuwepo, nilimshikia sahani. Na ulikuwa mwindaji hodari kuliko wote kuanzia kwetu hadi mlango wa mto. Sasa mwanao amekosa shabaha, na badala ya kusema macho yamemshinda au mkono unamtetemeka, mnamnyima chakula mtu anayelea damu yenu. Hiyo si hekima ya wazee, ni uoga wa wanaume uliovikwa kofia ya wazee. Nimeupiga vita mjini miaka ishirini, sikujua umekaa kibarazani kwa baba yangu.

Na wewe Aldenor, uliyekaa hapo umefunga mdomo kama konokono aliyeguswa: nyama ya kwenye kofia hukumpa kwa huruma, ulimpa kwa sababu unajua ni haki yake. Mpe mchana, mbele ya baba, kwenye sahani.

Nikisikia anakula unga mtupu tena nitakuja mwenyewe, hata kama ni kwa miguu.

Naomba baraka.

Zulmira


Mtoni, Bom Sossego
Julai 20, 1981

Wifi Zulmira,

Hii ni barua yangu mimi, hakuna aliyeniambia niandike. Nimeshuka kufua. Kesho msafara wa nyumbu wa kubeba mizigo unapita, na Juvêncio, karani wao, nitampa mkononi.

Niliisoma kama ulivyotaka. Walikuwa wote wawili kibarazani. Nilipofika pale pa mama yako na mimba tisa, baba alinyanyua mkono. "Simama hapo. Zulmira hawezi kumtaja mama yake hivyo mbele yangu."

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba."

"Nani kaandika? Hayo ni ya kwako. Umepata pa kujifichia."

Nikampa karatasi. "Nioneshe jina la Idalina," akasema. Nikaliwekea kidole. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na nitajuaje kwamba ndilo?"

Wifi, wewe ungemjibu nini? Nikamgeukia Aldenor. Aldenor akasema, "Baba amechoka. Acha kusoma."

Kuanzia siku hiyo hata barua zako za nyuma haziaminiki. Jana baba aliniuliza kama ni kweli ulifurahi kusikia habari za mtoto, au nayo niliitunga. Sipewi tena kuandika. Nimekatazwa kugusa bunduki na kuiruka ikiwa imelala. Kuosha maganda bado ni kazi yangu, maana hiyo haina heshima.

Jumanne Aldenor alirudi mkali. Alikuwa anashuka korongoni, bunduki imeelekea chini, marisau yakamwagika kutoka mdomoni mwa bunduki kama mtama, na kizibo kikafuata. Hakuwa amepiga. Baba akasema, "Mnaona? Hata marisau yanamkimbia." Mimi huwa naviokota vizibo vilivyopigwa karibu na nyumba, nawashia moto. Vyote vimeungua pembeni, kuzunguka mpaka juu. Zamani havikuwa hivyo. Nakueleza tu kwa kuwa sina mwingine wa kumweleza mambo madogo.

Kubwa ni hili. Wanasema niende kwa mama yangu Sena Madureira, nikajifungulie huko, bunduki ipumzike. Mto umekauka, ni siku tatu za kutembea kabla ya kupata mtumbwi. Miguu imevimba. Sitaki kwenda. Hii ni nyumba yangu, mgomba ule wa uani nimeupanda mimi. Nitafutie neno la kumwambia baba, lakini wifi nakuomba, lisiwe kali. Makali yako yakifika huku yanatoka mdomoni mwangu.

Osmarina


Rio Branco
Agosti 15, 1981

Baba, naomba baraka. Naomba na msamaha, kwanza kwa Osmarina, kisha kwako.

Osmarina, isome hii polepole. Baba, kama huamini kwamba ni mimi, nakupa kitu ambacho Osmarina hawezi kukijua: siku ile kipimo cha mwanzi kilipopotea, nilikuwa na miaka minane, nilikificha mimi kwenye mtungi wa unga kwa sababu hukunichukua msituni. Wewe ulinipiga, mama akacheka. Sasa unajua ni mimi.

Niliichukua barua ya Osmarina nikaenda kwa mzee Cirilo, mgema mpira wa zamani anayetengeneza bunduki nyuma ya soko. Nilimsomea habari za marisau kumwagika na vizibo kuungua pembeni. Akaniuliza, "Maganda ya kadibodi au ya shaba?"

"Ya shaba."

"Na vizibo unakatia kikatio namba ngapi?"

"Ishirini na nane, kama bunduki."

Akaweka kikombe chini. "Dada yangu, umempa baba yako viatu vya mtoto."

Baba, ni hivi. Ganda la kadibodi lina ukuta mnene, kwa hiyo tundu lake ni dogo, na kikatio namba ishirini na nane kimetengenezwa kwa hilo. Ganda la shaba ni jembamba kama ukucha. Tundu lake ni pana zaidi. Linataka kizibo cha namba ishirini na nne, kibane kwelikweli. Kikiwa kidogo, moto wa baruti unapita pembeni badala ya kusukuma, na marisau yanatoka bila nguvu. Tena nta ikilainika kwa joto, yanamwagika yenyewe kabla hujapiga. Kile chako cha zamani ulikinoa kwa ndani, kikakata kizibo kipana kama ganda lenyewe kwa nje, ndiyo maana kilibana. Ile vita ya vidole vyako, jasho lile la mgongoni, hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya bunduki. Mimi nikakuondolea. Na aliye nacho sasa ni Belmiro, anayewacheka na paa begani.

Panema ni mimi. Kijana wa dukani alinifungulia mdomo aniulize ni maganda ya namna gani. Nilimziba kwa ulimi. Kisha ukaniandikia kwamba vizibo vinaingia laini kama siagi, mimi niliyekua nikikuona ukitoa jasho, na badala ya kushtuka nikacheka. Kisha nikakaa hapa na vitabu vyangu nikawafundisha nyote kuhusu ujinga.

Nimefunga ndani kikatio namba ishirini na nne. Kateni vizibo vipya, vishindilieni, mpige ubao kwa hatua thelathini. Mtaona wenyewe.

Osmarina asisogee hapo nyumbani. Osmarina, usiende popote. Umesikia? Hukufanya kitu. Kula.

Zulmira


Bom Sossego
Oktoba 18, 1981

Dona Zulmira, mwandishi ni Juvêncio, karani wa msafara wa nyumbu. Naandika kwa niaba ya baba yako. Yeye anasema:

Mwanangu, Mungu akubariki.

Osmarina aliondoka Agosti tarehe 20. Aldenor alimsindikiza mpaka kwenye mtumbwi, akarudi. Kwa kweli sikumfukuza. Nilisema tu itakuwa vizuri.

Barua yako aliileta Belmiro wiki tatu baadaye, aliikuta bandarini. Belmiro naye hajui kusoma. Niliifungua. Nikaitazama. Nikaikunja nikaiweka kwenye kopo la baruti isiliwe na mende. Siku nyingine naitoa. Aldenor alisema tuipeleke kwa mtu, nikamwambia wa karibu yuko siku mbili, na huu ni msimu wa kuchanja mpira, asubiri msafara. Kikatio cha pili nimekipokea pia. Nilidhani umenipenda mara mbili. Nimekiweka akiba kwa sababu cha kwanza bado ni kikali.

Bunduki haijapona. Nilidhani ingepona akiondoka. Sasa ni miezi miwili nyumba haina mwanamke, na Aldenor bado anarudi mikono mitupu. Tunakula samaki. Kwa hiyo nimeanza kuwaza, lakini sijui nawaza nini.

Juvêncio amefika leo. Nimemwambia aandike kwanza ndipo anisomee, maana nilitaka kusema yangu kabla sijasikia yako. Siku hizi siamini masikio yangu.

Siku mbili baadaye.

Amesoma. Nimemwambia asome tena. Habari ya mtungi wa unga nimeikumbuka.

Kisha nikamtolea na ile barua ya Juni, ile kali. Nikamwambia, nioneshe jina la Idalina. Akaweka kidole palepale alipoweka Osmarina. Nikamwambia asome kuanzia mwanzo. Ilikuwa vilevile. Neno kwa neno, mwanangu. Hakuongeza hata moja.

Tumekata vizibo kwa kile kipya. Mimi vidole vilikataa, Aldenor ndiye aliyeshindilia. Hatua thelathini, mlango wa ghala. Marisau yametokea upande wa pili. Aldenor alikwenda akatia kidole kwenye tundu. Alichukua begi akaingia msituni na bunduki, mchana akarudi na paa, akambanika, akaondoka naye kwenda Sena.

Nimebaki peke yangu na Juvêncio. Nimemwambia aandike neno moja juu yangu mwenyewe, amekataa, amesema halifai kwenye barua.

Eleutério (dole gumba)


Sena Madureira
Januari 17, 1982

Wifi Zulmira,

Nimepata barua zako tatu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa sijui nianze na nani.

Naanza naye. Alizaliwa ndani ya mtumbwi, siku ya nne ya safari, kabla ya wakati wake. Mwenye mtumbwi alikuwa mzee, aligeuza uso akaendelea kupiga kasia, nilimshukuru kwa hilo. Alikuwa msichana. Aliishi mpaka kesho yake mchana. Nilimbatiza mwenyewe kwa maji ya mto, nikamwita Zenaide. Nimeliandika jina lake hapa kwa kuwa halijaandikwa mahali pengine popote. Mkunga wa huku aliniangalia kope akasema damu yangu ni nyepesi kama chai. Akaniuliza nilikuwa nakula nini. Nilisema unga na ndizi. Akaniuliza kama kwetu hakuna wawindaji.

Wifi, umeniandikia kurasa kumi na moja kuhusu kikatio. Kosa la muuzaji, kosa lako, kosa la baba, kosa la kiwanda kutochonga maelezo. Umejishtaki vizuri kama unavyowashtaki wengine, nami nimesoma kama nilivyozoea kukusoma, mpaka mwisho. Lakini unataka nikuhukumu, na sina nguvu ya kuwa hakimu wako. Nakwambia hili moja tu. Kizibo kilicholegea kinafanya bunduki ikose. Basi. Hakikuninyima nyama. Hakikusema ninatunga maneno. Hakikunisindikiza kwenye mtumbwi na kurudi. Hata kama kikatio kingekuwa sahihi na Aldenor akakosa shabaha kwa sababu nyingine, kwa uzee wa bunduki, kwa macho yake, mimi ningekula unga uleule. Usinipokonye na hilo ukalifanya kuwa hadithi ya chuma.

Aldenor alifika Novemba, siku ya watakatifu wote. Alisimama mlangoni kwa mama na paa aliyebanikwa mgongoni. Alikuwa amekonda. Hakujua habari za mtoto. Alitazama tumbo langu, akatazama ndani ya nyumba, akatafuta kitanda kidogo kwa macho. Mama ndiye aliyemwambia, mimi nilishindwa. Akakaa chini palepale kwenye ngazi.

Baadaye akaanza kunieleza. "Tumegundua, Osmarina. Vilikuwa ni vizibo. Tulipiga mlango wa ghala, hatua thelathini, yakatokea upande wa pili. Haikuwa wewe."

Nikamwuliza, "Na kama yasingetokea?"

"Vipi?"

"Kama mngepiga mlango, yakabaki juujuu. Ungekuja?"

Akanyamaza. Sikumlaumu kwa kunyamaza, nadhani ndiyo mara ya kwanza mwaka ule alikuwa mkweli.

"Basi umeuamini mlango," nikamwambia. "Mimi nilikuwa na mdomo miezi yote ile, na ulikuwa umbali wa mkono."

Akasema baba anaomba nirudi. Anasema amekosa. Anasema hakuna wa kumsomea barua. Hilo la mwisho lilimponyoka, akaliona lilivyotoka, akainamisha kichwa. Mama alicheka kwa hasira huko ndani. "Watafute kasuku!" akapiga kelele. Nyama nilimwambia ampe mama awagawie majirani. Sikula. Si kwa nuksi yoyote, wifi.

Nilimwambia sirudi. Nilimwambia pia kitu kingine, na nakuandikia usije ukakisikia vingine kwa mtu. Nilimwambia aende akajifunze kusoma. Siku atakayoniandikia barua kwa mkono wake mwenyewe, pasiwe na mtu katikati, si mimi, si Juvêncio, si wewe, nitaisoma hata ikiwa ni mstari mmoja. Sikumwahidi zaidi ya kusoma.

Akauliza, "Inachukua muda gani?"

"Mimi ilinichukua miaka miwili, kwa masista."

"Mimi ni mzito."

"Najua."

Alilala kwa binamu ya mama, asubuhi akapita kuaga. Aliniomba nimwandikie jina la mtoto, alibebe. Nikachana karatasi ya mfuko wa sukari, nikaliandika kwa herufi kubwa, moja moja, nikampa. Alisimama pale uani akilitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza, kama anayesali. Alikuwa amelishika juu chini.

Sikumgeuzia.

Osmarina